Kitanda Usichokilalia

Juma hili nimeyaweka kando maelezo niliyoahidi ya kuhifadhi maharage yasitobolewe na wadudu, kwa sababu ya barua moja iliyonifikia. Nimeisoma mara tatu, na kila mara nimeikunja nisijue nianzie wapi kuijibu.

Mwandishi wake ni mke wa koplo. Jina lake na kambi yake sitavitaja. Anasema mumewe alirudi kutoka zamu ya nchi za nje akiwa mzima wa viungo, lakini usiku hulala na viatu miguuni. Mlango ukibamizwa na upepo, huruka kitandani. Watoto wamejifunza kutocheka kwa sauti. Mwaka uliopita walifika wageni waliovaa fulana mpya, wakawaonyesha askari programu ya simu ya kutunza akili, wakaiweka katika simu ya kila mmoja, wakapiga picha, wakaenda zao.

Usiku mmoja, yapata saa tisa, mama huyu aliamka akamkuta mumewe ameketi sakafuni jikoni, simu mkononi. Programu ilikuwa imemwuliza maswali mengi kwa Kiingereza kigumu. Alipokwisha kuyajibu, ikamwonyesha picha ya ufuo wa bahari na kumwambia avute pumzi polepole. "Bwana aliitupa simu ukutani," ameandika mama, "akasema: huyu anayezungumza nami hajapata kusikia risasi." Aliyemtuliza usiku ule ni sajini jirani, ambaye miaka iliyopita naye alilazwa hospitali kwa maradhi ya namna hiyo, akapata nafuu. Alikuja kwa kandambili, hakusema mengi, akaketi naye pale sakafuni mpaka kukapambazuka. Mama anamaliza kwa kuuliza: "Je, vitu hivi vya simu vina faida yoyote, au tuvifute?"

Dada yangu, swali lako ni zuri, na jibu lake si ndiyo wala siyo. Simu ni chombo, kama sufuria. Huwezi kusema sufuria ina faida au haina mpaka ujue nani anapika na anampikia nani. Kosa la programu ile lilianza siku ya kwanza ilipobuniwa, kwa kuwa waliobuni hawakumwita mtu kama yule sajini kuwauliza lolote. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Waliotengeneza kitanda hiki hawakupata kukilalia.

Watu kama sajini wana jina lao siku hizi. Huitwa wasaidizi wenza. Msaidizi mwenza ni mtu aliyewahi kuugua maradhi ya akili, akapata nafuu, kisha akafunzwa kuwasaidia wengine walio katika njia ile ile. Si daktari wala muuguzi, wala hatoi dawa. Mali yake ni kwamba ameipita njia, na anajua mashimo yalipo.

Jambo hili si la jana. Mwishoni mwa karne ya 18, katika hospitali ya Bicêtre karibu na Paris, palikuwa na msimamizi wa wagonjwa wa akili aitwaye Jean-Baptiste Pussin. Yeye mwenyewe aliwahi kuwa mgonjwa katika hospitali ile ile. Alipenda kuwaajiri watu waliopona humo wawe watumishi, kwa kuwa aliwaona wana huruma zaidi na mkono wao si mwepesi wa kupiga. Daktari Philippe Pinel alipofika hapo mwaka 1793 alijifunza mengi kutoka kwa msimamizi huyo, na ni Pussin aliyewafungua wagonjwa minyororo mwaka 1797, ingawa sifa nyingi zilimwendea daktari. Mwaka 1935, katika mji wa Akron nchini Marekani, watu wawili waliotawaliwa na pombe walianza kusaidiana wasinywe, na kutokana na wawili hao kikazaliwa chama cha Alcoholics Anonymous, kilichoenea duniani kote. Mwaka 1999 jimbo la Georgia, huko huko Marekani, lilikuwa la kwanza kukubali kazi ya wasaidizi wenza ilipwe kwa fedha za bima ya serikali. Ikawa kazi kama kazi nyingine.

Na hapa petu pia. Hospitali ya Butabika, iliyofunguliwa mwaka 1955 karibu na Ziwa Viktoria, ilianza miaka ya 2010, kwa ushirikiano na wenzao wa mashariki ya London, kuwafunza watu waliowahi kulazwa humo ili wawatembelee majumbani wale wanaoruhusiwa kutoka. Mwaka 2018 ulianza mpango mkubwa wa utafiti uitwao UPSIDES, wa kuimarisha kazi hii katika vituo sita vya nchi tano. Kampala imo, na Dar es Salaam imo, pamoja na Ulm na Hamburg za Ujerumani, Pune ya India, na Be'er Sheva ya Israeli. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba mgonjwa wa jana hana la kuifunza hospitali, mwambie Butabika wamekwisha kulivuka daraja hilo.

Sasa tuje kwenye simu. Wako wanaokubali kwamba msaidizi mwenza afanye kazi ya kuketi na mgonjwa, lakini programu ya simu, wanasema, ni kazi ya mafundi wa kompyuta na madaktari bingwa. Humwita msaidizi mwenza mwishoni, programu ikiwa imekwisha, wakamwambia: "Tazama, unaionaje?" Naye, kwa adabu, husema ni nzuri. Huko ni kumwita mtu kukata utepe wa nyumba asiyoulizwa milango ielekee wapi.

Nitakupeni mifano ya faida ya kuuliza mapema. Katika mji wa Harare, Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kazi ya kuwafunza akina bibi wa mtaa wa Mbare wawasikilize watu wenye mawazo mazito, wakiwa wameketi kwenye benchi nje ya zahanati. Daktari alitaka benchi hilo lijulikane kuwa ni la afya ya akili. Akina bibi wakamwambia hakuna atakayekalia benchi lenye jina hilo mbele ya macho ya jirani zake. Likaitwa benchi la urafiki. Maneno ya mazungumzo nayo yalitoka katika Kishona chao, kama vile kuvhura pfungwa, maana yake kufungua mawazo. Mwaka 2016 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanywa kwa watu 573 katika zahanati 24 za Harare, yakaonyesha kwamba walioketi na akina bibi walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Ni kweli, bibi si lazima awe amewahi kuugua, hivyo si msaidizi mwenza kamili. Lakini anaishi mtaani mle mle, na neno lake moja juu ya jina liliokoa kazi nzima.

Mfano wa pili ni wa hapa nyumbani. Watafiti waliokwenda Masaka na Rakai, katika nchi iliyokuwa imelemewa na misiba ya UKIMWI, hawakuanza kwa kugawa dawa wala kwa kutafsiri majina ya vitabuni. Waliwauliza wanavijiji: nyinyi huyaitaje mateso haya ya moyo? Wakatajiwa maradhi mawili kwa Kiganda: yo'kwekyawa, yaani kujichukia, na okwekubagiza, yaani kujihurumia. Kwa maneno hayo ndipo wakaunda vikundi mwaka 2002, vya wanaume mbali na vya wanawake mbali, vikiongozwa na watu wa huko huko waliofunzwa kwa majuma mawili tu. Wanavikundi walikutana mara moja kwa juma kwa majuma 16. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2003 yalionyesha dalili za huzuni zimepungua sana. Basi fikirini: ikiwa kikundi cha watu wanaotazamana uso kwa uso kilihitaji maneno ya wenyeji, simu isiyo na uso itahitaji zaidi ya hapo.

Kwa upande wa askari, Wamarekani walitoa mwaka 2011 programu ya simu iitwayo PTSD Coach, kwa ajili ya wale wanaosumbuliwa na vitisho vya vita. Ilitengenezwa na idara yao ya askari waliostaafu pamoja na wizara ya ulinzi, nayo imepakuliwa katika nchi zaidi ya 100. Mambo mawili ndani yake yanafaa kuigwa. La kwanza, haimdai mtu jina lake wala haimwombi ajiandikishe. Anayoyaandika hubaki katika simu yake. La pili, sehemu zake nyingi hufanya kazi hata mahali pasipo na mtandao. Mtu yeyote aliyewahi kuwa askari ataona mara moja kwa nini mambo hayo mawili ni makubwa.

Huko huko Marekani, katika chuo cha Dartmouth, mtafiti Karen Fortuna alikwenda mbele zaidi. Aliwaita wasaidizi wenza tangu mwanzo kuwa washirika wa utafiti, wakasaidia kubuni mpango uitwao PeerTECH. Katika mpango huo, msaidizi mwenza na mgonjwa huendelea pamoja kwa majuma 12, simu ikiwa kiungo kati yao, na mafunzo yanagusa akili na mwili pamoja. Sababu yake ni ya kuumiza moyo. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba watu wenye maradhi makali ya akili hufa miaka 10 hadi 20 kabla ya wenzao, na wengi wao huuawa na maradhi ya kawaida kama ya moyo na kisukari ambayo hakuna aliyeyashughulikia. Tazameni basi kazi iliyopewa simu pale: haikuwekwa mahali pa mwenza. Inambeba mwenza, kama redio inavyobeba sauti.

Naam, dada yangu, turudi kambini kwako. Nimejiuliza: kama sajini yule angaliitwa siku ya kwanza, angaliwaambia nini wale wageni wa fulana mpya? Nafikiri angaliwaambia mambo kama haya.

Angalianza na ile picha. Mwezi Machi 2007 askari wa Uganda walikuwa wa kwanza kutua Mogadishu katika jeshi la Umoja wa Afrika, na kwa miaka iliyofuata maelfu wamekwenda huko kwa zamu. Mogadishu ni mji wa pwani. Kwa mtu wa mjini anayekwenda kupumzika, ufuo wa bahari ni raha. Kwa mtu aliyelinda kizuizi kwenye ufuo huo na kumpoteza mwenzake hapo, picha ile ni kidonda kinachofunguliwa saa tisa usiku. Hakuna fundi wa kompyuta ambaye angalijua hili kwa akili zake mwenyewe. Sajini angalilijua kabla hajamaliza chai.

Pili, angaliwauliza simu ni ya nani. Katika nyumba nyingi za kambi simu ni moja: baba hupigia kazini, mama hupokelea pesa, mtoto huchezea michezo. Ujumbe unaotokea juu ya kioo ukisema "Je, leo umefikiria kujiua?" utasomwa na mtoto wa darasa la nne. Basi programu iwe na jina la kawaida, na ujumbe wake uwe wa kawaida mpaka mwenyewe aufungue.

Tatu, na hili ndilo zito kuliko yote, angaliwauliza: nani anaona majibu? Askari ana hofu mbili. Anaogopa maradhi, na anaogopa kwamba yakijulikana atanyang'anywa bunduki, atakosa zamu yenye posho, au cheo kitampita. Akishuku kwamba majibu yake yanamfikia mkuu wake, atajibu kwamba yu mzima, na programu itamwamini. Sheria ya Uganda ya mwaka 2019 ya kulinda taarifa za watu inataka ridhaa ya mtu kabla taarifa zake hazijachukuliwa. Lakini ridhaa ya mtu aliyepangwa mstarini na kuambiwa "wekeni hii kwenye simu zenu" ni ridhaa gani? Mambo haya yaandikwe kwa maneno mafupi, yasomeke kabla ya swali la kwanza.

Nne, angaliuliza gharama. Kuanzia Julai 2018 mpaka katikati ya 2021 tulitozwa shilingi 200 kwa siku kwa kutumia mitandao ya kijamii, kisha ikaja kodi ya asilimia 12 juu ya vifurushi vya intaneti. Mtu mwenye mawazo mazito mwishoni mwa mwezi hana kifurushi. Huduma inayodai video na picha kubwa imemfungia mlango bila kujua. Ujumbe mfupi na simu ya kupiga bure vitawafikia wengi kuliko mapambo.

Tano, lugha. Kiswahili kimekuwa lugha ya jeshi na polisi wetu kwa miaka mingi, na mwaka 2022 baraza la mawaziri liliidhinisha kiwe lugha rasmi. Hata hivyo kutafsiri peke yake hakutoshi. Mtu wa Gulu, mtu wa Arua na mtu wa Mbarara wote wanazungumza Kiswahili cha kambini, lakini kila mmoja huzuni yake ina jina alilolipata kwa mama yake. Wasaidizi wenza watoke pande mbalimbali, wakae pamoja, wasome kila swali kwa sauti, na lile linalowachekesha au kuwakasirisha lifutwe.

Sita, angaliuliza kuhusu saa tisa usiku. Mtu akibonyeza mahali palipoandikwa "nimeshindwa", nani anapokea? Ikiwa ni mashine, isemwe wazi kwamba ni mashine. Ikiwa ni mtu, awe kweli yuko macho na ajue gari la kumfikisha mgonjwa hospitali linapatikanaje. Kuahidi msaada ambao haupo ni hatari kuliko kutoahidi.

Wala asiitwe sajini peke yake. Waitwe pia wanawake askari na polisi, ambao vitisho vyao vina sura nyingine na pengine vimetoka kwa watu wa karibu. Waulizwe na wake wa askari, maana wao ndio wanaoamshwa usiku. Mtu mmoja akiitwa peke yake katika chumba chenye madaktari kumi atanyamaza. Wakiitwa watano, watasema.

Sitaki mtu anielewe vibaya. Msaidizi mwenza si malaika, na kuugua si shahada. Yuko anayedhani kila mgonjwa atapona kwa njia iliyomponya yeye, akamkataza mwenzake dawa kwa kuwa yeye zilimlevya. Yuko anayesikiliza habari za wengine mpaka za kwake zikaamka. Kwa hiyo lazima afunzwe, awe na mkubwa wa kazi wa kumweleza yaliyomlemea, awe na siku za kupumzika, na alipwe. Hili la malipo nalitilia mkazo. Fundi wa programu analipwa, daktari analipwa, dereva aliyewaleta analipwa. Mwenye ujuzi uliopatikana kwa machozi anapewa soda na nauli. Anayesema ujuzi huo ni wa thamani na auonyeshe mahali thamani inapoandikwa, yaani katika hati ya mshahara.

Najua wakubwa watauliza: je, hii haitachelewesha kazi? Itachelewesha. Mikutano itakuwa mingi, na maswali yatabadilika mara tatu. Lakini pimeni na ucheleweshaji mwingine: programu iliyowekwa kwa siku moja katika simu za kambi nzima, na ambayo mama mmoja anataka kuifuta kwa sababu imemtia mumewe wazimu zaidi. Fedha zilikwisha kutumika, na mbaya zaidi, koplo yule amejifunza kwamba akiomba msaada atapewa picha. Mara ya pili huenda asiombe.

Basi dada yangu, hili ndilo jibu langu. Programu ile ifute, au iache ilale. Haitakudhuru ikiwa haifunguliwi. Lakini usikate tamaa na kila chombo cha simu, kwa maana namba ya sajini nayo imo ndani ya simu. Iandike pia kwenye karatasi, uibandike nyuma ya mlango wa kabati. Mwombe sajini, kwa heshima, awe anapita jioni kwa chai, si siku za shida peke yake. Siku mumeo akiwa ametulia, mchana, si usiku, mwambie umeona anateseka na kwamba humlaumu. Mwombe aende kwa daktari, na sajini amsindikize. Hospitali nyingi kubwa za mikoa zina sehemu ya maradhi ya akili, na rufaa hufika Butabika. Akisema maneno ya kujidhuru, usimwache peke yake na silaha, kamba au dawa ya mifugo, na usingoje kukuche ndipo uite watu.

Watoto nao wasisahauliwe. Waambie baba anaumwa, kama mtu anavyoumwa malaria, wala si wao waliosababisha. Waache wacheke.

Na kwako wewe sajini, ambaye huenda ukurasa huu ukakufikia umefungia maandazi: siku wageni wa fulana mpya watakaporudi, usikae nyuma. Simama uwaambie kuhusu ile bahari.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutarudi kwenye maharage.